Ukiandikiwa MRI ya Tezi za Adrenali

Wengi wanaoandikiwa kipimo hiki hawakwenda hospitali kwa ajili ya tezi za adrenali. Walikwenda kwa maumivu ya tumbo, mawe kwenye figo au ajali ya bodaboda, wakapigwa altrasaundi au CT, na majibu yakarudi na mstari ambao hakuna aliyeutarajia: upo uvimbe mdogo juu ya figo ya kushoto, inashauriwa kufanya MRI. Neno uvimbe peke yake linatosha kumkosesha mtu usingizi. Ndugu wanaanza kuulizana nauli ya India kabla mgonjwa hajajua tezi zenyewe ziko wapi.

La kutangulia kujua ni kwamba uvimbe wa namna hii, unaoonekana kwa bahati, ni jambo la kawaida kwa watu wazima, na huzidi kuwa wa kawaida kadiri umri unavyosonga. Walio wengi hukutwa si saratani, na uvimbe wao hautoi homoni za ziada. Ila wapo wachache ambao kwao ni hatari, na hao hawawezi kutambulika kwa kuangaliwa usoni. Kwa hiyo kila uvimbe huulizwa maswali mawili. La kwanza: umeundwa na nini? Hilo hujibiwa na picha. La pili: unafanya nini mwilini? Hilo hujibiwa na damu na mkojo, na hakuna mashine ya picha, iwe ya bei gani, inayoweza kulijibu. Mgonjwa akilijua hilo kabla ya kulipia MRI atajua cha kuuliza, atajua cha kukataa, na hatatoka pale akidhani ameshamaliza wakati nusu ya kazi bado.

Tezi zenyewe na kazi yake

Kila mtu ana tezi mbili za adrenali, moja juu ya kila figo. Ni ndogo sana kulinganisha na kazi zake: kila moja ina uzito wa gramu 4 hadi 5 hivi, na unene wake ni wa milimita chache. Tabaka la nje hutengeneza kotisoli, inayouwezesha mwili kuhimili maradhi, njaa na upasuaji. Aldosteroni, inayosimamia chumvi na potasiamu, na kwa njia hiyo presha. Pamoja na kiasi kidogo cha homoni za kiume, hata kwa wanawake. Sehemu ya ndani hutoa adrenalini na noradrenalini, zile zinazofanya moyo uende mbio ukishtuka.

Kotisoli ikizidi, uso huvimba na kuwa wa mviringo, tumbo hunenepa huku mikono na miguu ikikonda, ngozi hupata michirizi mipana ya zambarau au nyeusi, na mtu hushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kujishika. Aldosteroni ikizidi, presha hugoma kushuka hata kwa dawa tatu, na mara nyingine potasiamu hupungua. Uvimbe wa sehemu ya ndani, unaoitwa feokromositoma, huja na mashambulio: kichwa kinagonga, moyo unadunda, jasho linatiririka, presha inaruka ghafla. Baada ya muda yote hupita na mtu akawa mzima, ndiyo maana ni rahisi kuyaita wasiwasi au mapepo kwa miaka mingi. Na tezi zikitoa homoni kidogo mno, mtu huchoka, hukonda, hutapika, ngozi yake huzidi weusi na presha yake huwa chini. Hali hii ilielezwa mwaka 1855 na daktari Mwingereza, Thomas Addison, na kifua kikuu bado ni miongoni mwa visababishi vyake.

Hapa pana jambo ambalo wagonjwa wengi hulificha kwa aibu, nalo lina uzito mkubwa. Krimu za kujichubua, ule mkorogo unaouzwa kwenye vikopo visivyo na maelezo, mara nyingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Vidonge vya kunenepesha na baadhi ya dawa za “kienyeji” za viungo hukutwa na deksamethasoni. Dawa hizi hupenya mwilini, zikaleta dalili zilezile za kotisoli kuzidi, huku tezi zenyewe zikilala na kusinyaa. Daktari asipoambiwa atatafuta uvimbe usiohusika. Mwambie. Na usiziache ghafla kwa hofu baada ya kusoma haya, kwa sababu tezi iliyolala haiamki siku hiyohiyo. Kuziacha kunafanywa polepole chini ya uangalizi.

Maswali kabla ya kulipa

Kama ulishapigwa CT, muulize daktari kama ilipigwa bila kuchomwa dawa ya kung’arisha picha, na kama waliupima uvimbe kwa vipimo vya Hounsfield. Hiyo ni namba inayoonyesha jinsi kitu kinavyozuia mionzi. Uvimbe wenye namba isiyozidi 10, na ulio sawasawa kote ndani, huhesabiwa kuwa adenoma yenye mafuta, yaani uvimbe usio wa saratani, na miongozo ya madaktari wa homoni wa Ulaya inasema hauhitaji picha nyingine. Kwa mtu wa namna hiyo MRI haiongezi kitu ila gharama. Kipimo hiki kina maana zaidi pale namba ilipozidi 10, pale CT ilipopigwa pamoja na dawa tu kwa hiyo namba haikupatikana, au pale mionzi inapotakiwa kuepukwa: kwa mjamzito, kwa mtoto, na kwa mtu wa ukoo wenye ugonjwa wa kurithi ambaye atapigwa picha mara nyingi maishani. MRI haitumii mionzi ya eksirei hata kidogo.

Swali la pili ni la homoni. Kwa kotisoli, njia inayotumika sana ni kumeza miligramu 1 ya deksamethasoni saa 5 usiku na kutolewa damu asubuhi yake, kati ya saa 2 na saa 3; tezi yenye afya inapaswa kuwa imenyamaza. Kwa feokromositoma hupimwa metanefrini, katika damu au katika mkojo wa saa 24. Mwenye presha au potasiamu ndogo hupimwa aldosteroni na renini pia. Baadhi ya dawa za presha na za msongo huvuruga vipimo hivi, lakini uamuzi wa kuzibadili ni wa daktari. Presha iliyoachwa bila dawa haisubiri majibu ya maabara.

Mkojo wa saa 24 huharibiwa kirahisi, basi nieleze unavyokusanywa. Chukua chombo kutoka maabara yenyewe, maana mara nyingi ndani huwa na tindikali ya kuhifadhi. Usikimwage, usikisuuze, wala usikojoe moja kwa moja ndani yake. Asubuhi ukiamka, kojoa chooni kama kawaida na uandike saa. Mkojo huo wa kwanza haukusanywi. Kuanzia hapo kila tone, mchana na usiku, likingwe kwenye kikombe kisafi na kumiminwa kwenye chombo, mpaka kesho yake saa ileile, na huo wa mwisho uingie. Ukisahau mara moja, sema ukweli na uanze upya siku nyingine.

Kuna jambo moja ambalo mgonjwa ana haki ya kulikomalia. Asikubali kuchomwa sindano ya kunyofoa kinyama kwenye uvimbe wa adrenali, wala kupasuliwa, kabla feokromositoma haijaondolewa kwenye orodha. Uvimbe huo ukiguswa bila matayarisho ya dawa unaweza kumwaga homoni kwa mkupuo na presha ikapanda kiasi cha kuua. Uliza kwa adabu, lakini uliza: “Daktari, metanefrini zangu zimerudi?”

Halafu yapo ya mfukoni. Waulize watu wa bima kama MRI inahitaji kibali kabla ya siku yenyewe. Kwa Kenya, tangu mamlaka ya bima ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya mfuko wa NHIF Oktoba 2024, hakikisha umesajiliwa upya. Kama unatoka mkoani, piga simu siku moja kabla ya kupanda basi uulize kama mashine inafanya kazi. Uliza pia nguvu ya sumaku. Mashine za tesla 1.5 au 3 hutenganisha mafuta na maji vizuri. Zile za wazi pembeni, zenye sumaku dhaifu, humpa raha anayeogopa kubanwa, lakini kwa kiungo kidogo kama hiki picha yake haina uhakika uleule. Kwa maoni yangu, afadhali kuvumilia tundu kwa nusu saa kuliko kulipia picha itakayotakiwa kurudiwa.

Sumaku haizimwi

Sumaku ya tesla 1.5 ina nguvu karibu mara 30,000 ya ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Katika mashine nyingi imetengenezwa kwa nyaya zilizozamishwa kwenye heliamu iliyo kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, ambako umeme huzunguka bila kukwama. Ndiyo maana sumaku inafanya kazi usiku na mchana, mashine ikiwa kimya, hata umeme wa mtaa ukikatika. Watu hudhani kwamba kama hakuna kelele basi hakuna hatari. Januari 2018 katika jiji la Mumbai, India, mtu aliyekuwa amemsindikiza ndugu yake aliingia chumba cha MRI na mtungi wa oksijeni. Sumaku iliuvuta mtungi pamoja naye, na alifariki. Hakuwa mgonjwa. Kwetu sisi tunaosindikizana hospitali kwa wingi, funzo hilo linatugusa: msindikizaji anayeingia ndani naye anapaswa kuulizwa maswali yote na kuvua vyote, na asiyeulizwa asiingie.

Fomu ya usalama utakayopewa isijazwe harakaharaka. Vitu vinavyoweza kuzuia kipimo au kukihamishia siku nyingine ni kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, klipu kwenye mishipa ya ubongo, na pampu ya insulini. Vipo vifaa vipya vinavyoruhusiwa kwa masharti, kwa hiyo njoo na kadi uliyopewa siku ya kuwekewa. Vyuma vya mifupa iliyovunjika na meno yaliyozibwa kwa kawaida havizuii, lakini vitajwe. Kitanzi cha shaba kwa kawaida si tatizo. Kijiti cha uzazi wa mpango cha mkononi hakina chuma kinachovutwa.

Mafundi wa kuchomelea na kusaga vyuma, na wote wa jua kali, hawa wana swali lao maalumu. Kipande kidogo cha chuma kilichowahi kuruka jichoni, hata kama ni miaka kumi iliyopita na jicho halisumbui, kinaweza kusogea ndani ya sumaku na kujeruhi jicho. Ukiwahi kupatwa na hilo, sema, upigwe eksirei ya macho kwanza. Vivyo hivyo mwenye risasi au vipande vya bomu mwilini. Katika eneo letu la Maziwa Makuu wapo wengi wanaoishi navyo bila kuvitaja.

Mjamzito aseme, na anayedhani huenda ni mjamzito aseme pia. MRI bila dawa ya mshipani hukubalika pale inapohitajika kweli. Dawa ndiyo huepukwa.

Mavazi, shanga na chakula

Chumba cha kubadilishia nguo ndipo ratiba nyingi hukwama, kwa sababu mtu huvua saa na simu akadhani amemaliza. Pitia mwili wako kuanzia kichwani ukiwa bado nyumbani. Vibanio vya nywele, wigi lenye vishikizo vya chuma, na rasta zilizofungwa kwa waya. Pini za ushungi: leta ushungi wa kuvaa bila pini, au mtandio wa pamba wa kujitanda, na ukihitaji kuhudumiwa na mwanamke omba wakati wa kuchukua miadi, si mlangoni. Hereni, kipini cha pua, mkufu, bangili ya shaba ya maumivu ya viungo, kikuku. Shanga za kiunoni hukaa sawasawa na eneo linalopigwa picha, na nyingine zimetungwa kwa waya au zina punje za chuma. Zifungue kwa utulivu nyumbani badala ya kuzikata kwa mkasi wa hospitali. Hirizi nayo, kama imefungwa ndani ya bati au ina msumari, haiwezi kuingia. Mkabidhi mtu unayemwamini akushikie. Sidiria yenye waya, mkanda, zipu za suruali. Wanja na rangi nyingine za macho zina chembe za madini, usijipake siku hiyo. Chale na tatuu zisifichwe, kwa kuwa baadhi ya wino hupata joto. Plasta za dawa zinazobandikwa kwenye ngozi, na kile kidude cha mkononi kinachopima sukari, vionyeshe kwa mhudumu. Kadi ya benki ikiingia ndani hufutika. Khanga mbili safi zinatosha kukustiri kama gauni la hospitali ni fupi, mradi fundo liwe la kitambaa tupu.

Kuhusu chakula, vituo vingi hutaka usile kwa saa 4 kabla, vingine saa 6, kwa sababu tumbo likishughulika kusaga chakula hutikisika na kuifanya picha iwe na ukungu. Fuata maelekezo ya kituo chako. Dawa za presha, za moyo na za kifafa zimeze kwa maji kidogo kama kawaida, labda uwe umeelekezwa vingine. Mwenye kisukari aombe miadi ya asubuhi mapema na aulize afanye nini na insulini au vidonge, asije akashuka sukari akiwa ndani. Anayetumia haidrokotisoni au prednisoloni kwa sababu tezi zake hazitoi kotisoli asiruke dozi hata moja kwa kisingizio cha kufunga kula. Kwake hiyo dawa ni uhai. Katika Ramadhani, aliyefunga anaweza kupigwa picha akiwa na saumu yake, na asiyependa kuchomwa sindano mchana aombe miadi ya baada ya futari au ya baada ya mwezi.

Pumzi

Sasa umelala chali kwenye kitanda chembamba, miguu au kichwa kikitangulia. Juu ya tumbo unawekewa koili, bapa na nzito kidogo, inayopokea mawimbi kutoka mwilini. Huenda ukafungwa mkanda mbavuni unaofuatilia unavyopumua. Masikioni unawekewa vizuizi vya sauti, mkononi unapewa mpira wa kubonyeza ukihitaji msaada. Kitanda kinaingia kwenye tundu lenye upana wa sentimita 60 hadi 70. Kuna mwanga ndani, kuna upepo, na mtaalamu anakuona kupitia dirisha na kukusikia kwa maiki. Kisha kelele zinaanza: kugonga, kukwaruza, kuvuma, zikibadilika kila dakika chache. Hakuna kinachovunjika, ni nyaya za mashine zinazotikisika umeme unapowashwa na kuzimwa kwa kasi. Mwili unaweza kuhisi joto kidogo. Joto la kuunguza mahali pamoja si la kawaida: bonyeza mpira.

Kelele si mtihani. Mtihani ni pumzi. Figo na tezi zake hupanda na kushuka kila unapopumua, na tezi yenyewe, kama tulivyoona, ni ya milimita chache. Pumzi isiyotulia huifuta kabisa kwenye picha. Ndiyo sababu utasikia sauti ikikuambia, tena na tena: “Baba, vuta pumzi... toa... shika hapohapo.” Halafu kelele ya sekunde 15 hadi 20, kisha: “Pumua.” Vituo vingi hutaka ushike baada ya kutoa pumzi, si baada ya kuvuta, kwa kuwa kiwambo cha kifua hurudi mahali palepale kila mara ukitoa, ilhali ukivuta mara unavuta nyingi, mara kidogo. Kushika pumzi kifua kikiwa kitupu ni kugumu kuliko watu wanavyofikiri. Anayeambiwa kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya tundu hushtuka, akaiachia kwenye sekunde ya nane, na picha ikaharibika.

Hivyo jizoeze nyumbani. Lala chali, weka simu kifuani ihesabu, vuta kwa utulivu, toa kwa kiasi cha kawaida bila kujikamua, kaa hivyo. Ukifika sekunde 10 siku ya kwanza inatosha. Rudia mara kadhaa kila jioni na utashangaa unavyozoea. Bibi au babu yako naye mfundishe kwa kuhesabu naye kwa sauti. Mwenye pumu au moyo uliochoka aseme mapema. Wataalamu wana njia za kufupisha muda au kupiga picha zikifuata mdundo wa kupumua. Na kabla kitanda hakijaingia, kubalianeni maneno. Mashine nyingine hutoa maagizo yaliyorekodiwa kwa Kiingereza, na mama asiyekisikia hulala pale akipumua kwa amani wakati picha muhimu kuliko zote inapigwa. Mwombe mtaalamu atoe maagizo mwenyewe kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote mnayoelewana.

Picha hiyo muhimu inafanya nini? Chembe za haidrojeni zilizomo kwenye maji na zilizomo kwenye mafuta huzunguka ndani ya sumaku kwa kasi zinazotofautiana kidogo. Kwenye mashine ya tesla 1.5, baada ya milisekunde 2.2 hivi mawimbi yake huwa yanapingana, na kwenye milisekunde 4.4 hivi yanakuwa pamoja. Ni kama watu wawili kwenye kamba: wakivuta upande mmoja nguvu zao hujumlishwa, wakivutana hubatilishana. Mashine hupiga nyakati zote mbili ndani ya pumzi moja. Adenoma nyingi zimejaa mafuta, kwa kuwa homoni za tabaka la nje hutengenezwa kutokana na kolesteroli. Kwa hiyo kwenye picha ya kupingana uvimbe huingia giza, ukilinganishwa na bandama iliyo jirani. Saratani iliyohamia pale kutoka mapafuni haina mafuta hayo, na haibadiliki. Tofauti hiyo ndiyo uliyosafiri kuja kuitafuta, na inategemea sekunde zako 15.

Kipimo chote huchukua nusu saa hadi dakika 45. Anayeogopa kubanwa afumbe macho kabla ya kuingia na asiyafumbue, au aombe dawa ya kutuliza. Akinywa dawa hiyo asiendeshe chombo siku hiyo wala asipande bodaboda peke yake. Lakini ajue kwamba aliyesinzia sana hawezi kushika pumzi.

Dawa ya mshipani

Picha niliyoieleza haihitaji sindano. Kama jibu limepatikana hapo, dawa ya gadolini huenda isitumike kabisa, na si upungufu wa huduma. Hutumika pale uvimbe ni mkubwa, haueleweki, au kuna shaka ya saratani. Ikiingia utahisi ubaridi mkononi, labda kichefuchefu cha muda mfupi. Mzio mkali ni nadra. Aliyewahi kupata mzio wa dawa ya MRI aseme kabla.

Figo ndizo za kuulizwa. Mwaka 2006 madaktari waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wenye figo zilizochoka sana walipata ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo baada ya kupewa gadolini za aina ya zamani. Aina mpya, zinazoshikilia madini yake kwa nguvu zaidi, hatari yake ni ndogo mno. Hata hivyo mwenye presha ya muda mrefu, kisukari au anayesafishwa damu apimwe kreatinini kwanza, na aulize wanatumia aina gani. Mama anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha, maana kinachofika kwenye maziwa ni kidogo sana.

Majibu

Usiondoke bila CD ya picha zako, na iweke pamoja na CT ya zamani na hata picha ya miaka mitano iliyopita ambayo ilipigwa kwa sababu nyingine. Uvimbe uliokuwa na ukubwa uleule miaka mitano nyuma unamwambia daktari jambo ambalo mashine mpya haiwezi kumwambia.

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza na huenda ikatumwa kwenye simu yako kabla hujamwona daktari. Mambo matatu ndiyo ya kutafuta humo. Ukubwa: unaofikia au kuzidi sentimita 4, hasa usiokuwa na mafuta, huleta mazungumzo ya upasuaji. Kama uliingia giza kwenye picha ya kupingana: ukiingia, kwa kawaida ni adenoma. Na kama uling’aa sana kwenye picha za maji: hilo hufanya feokromositoma ifikiriwe, ingawa si kila feokromositoma hung’aa. Picha ina mipaka yake. Karibu theluthi moja ya adenoma zina mafuta machache na huenda zisiingie giza, kwa hiyo “haikubadilika” haimaanishi saratani. Kwa upande mwingine, baadhi ya saratani za figo zikihamia kwenye tezi huja na mafuta yake na zinaweza kudanganya. Saratani inayoanzia kwenye tezi yenyewe ni nadra sana, mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni kwa mwaka.

Ripoti ikisema adenoma, bado uliza majibu ya homoni. Uvimbe mdogo, mzuri kwenye picha, unaweza kuwa ndio unaopandisha presha yako au kuharibu sukari yako kwa kotisoli, na picha ingeuonyesha vilevile hata kama uvimbe huo usingetoa homoni yoyote. Omba kuonwa na daktari wa homoni, au daktari wa magonjwa ya ndani pale ambapo wa homoni hayupo.

Wakati unasubiri miadi, kuna hali tatu ambazo hazisubiri. Kichwa kikali chenye jasho, moyo kudunda na presha kupanda sana. Maumivu makali ya ghafla ubavuni au mgongoni yanayoambatana na kuishiwa nguvu. Na kutapika, kizunguzungu na kuzimia kwa mtu aliyeacha prednisoloni, haidrokotisoni au mkorogo hivi karibuni: huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na atakayempeleka amtajie daktari wa zamu jina la dawa iliyoachwa, au abebe kikopo chenyewe mkononi.